Mtalii wa Meli na Nzohe wa Saiwa: Kitale na Bungoma Zimsubiri Nani?

Msimu wa kaskazi ukifika, meli za kitalii hutia nanga bandarini Kilindini, Mombasa. Wageni hushuka kwa mamia, ngoma zikapigwa, na magari ya safari yakapanga foleni nje ya jengo la abiria. Picha hizo hufika upesi kwenye simu za watu wa Kitale, Kiminini, Webuye na Bungoma mjini, na swali lilelile hurudi kwenye redio za mashinani na katika mabaraza: kama wageni hawa wametoka mbali kuja kutazama wanyama wa Kenya, mbona hawafiki kwetu, kwenye Mlima Elgon, Saiwa na mapango ya ndovu? Wapo wanaoilaumu serikali kuu, wapo wanaozilaumu kaunti, na wapo wanaoamini kwamba tangazo moja zuri kwenye televisheni za ng'ambo lingetosha.

Humo mna maswali mawili yaliyochanganywa. La kwanza ni la usafiri: mgeni wa meli anaweza kufika magharibi? La pili ni zito zaidi, na huulizwa mara chache: mgeni wa aina hiyo anaufaa mlima huu na watu wake? Bila kuyatenganisha tutaendelea kupanga bajeti kwa ajili ya mtu asiyekuja.

Siku moja ya abiria wa meli

Biashara ya meli hizi hutegemea mambo yaliyo mbali sana na Mombasa. Uharamia wa Kisomali ulipopamba moto kati ya 2008 na 2012, kampuni nyingi ziliikwepa pwani ya Afrika Mashariki. Ni tarehe 1 Januari 2023 tu ambapo mashirika ya usafiri wa baharini yaliliondoa rasmi eneo hili la Bahari ya Hindi katika orodha ya maji ya hatari kubwa. Mwaka huohuo haujaisha, mashambulizi ya Wahouthi katika Bahari ya Shamu yakaanza, na meli zilizozoea kushuka kupitia Mfereji wa Suez zikabadilisha njia. Kaunti inayoweka matumaini yake kwenye meli, basi, inaweka matumaini mikononi mwa watu ambao haiwezi hata kuzungumza nao.

Meli ikishafika, saa ndizo zinazotawala. Abiria hununua matembezi yake angali melini. Kampuni ya meli hukata fungu lake, kisha kampuni ya safari ya Mombasa hupokea kilichobaki na kulipia gari, dereva, chakula cha mchana na ada ya lango. Alfajiri wanaondoka, jioni lazima wawe wamerudi, maana meli haichelewi kwa ajili ya mtu aliyejiendea kivyake. Ndani ya dirisha hilo dogo chaguo ni chache: Hifadhi ya Shimba Hills huko Kwale, mahali pekee nchini Kenya palipo na palahala wa porini; Haller Park ya Bamburi, iliyofufuliwa kutoka machimbo ya kiwanda cha saruji; au Tsavo Mashariki kwa kupitia barabara kuu ya malori, na tangu 2017 hata kwa treni ya SGR hadi Voi.

Tsavo Mashariki inafaa kwa matembezi hayo kwa sababu ya umbile lake. Ni zaidi ya kilomita za mraba 13,000 za nyika iliyo wazi, ndovu wake wamejipaka udongo mwekundu, na mgeni anaweza kuwaona saa nne asubuhi au saa nane mchana akiwa ameketi garini. Anapiga picha, anakula, anarudi bandarini. Usiku huohuo meli inang'oa nanga kwenda Zanzibar au Shelisheli.

Kutoka Mombasa hadi Kitale kwa barabara ni zaidi ya kilomita 800, na hapo swali la kwanza limejibiwa. Hata hivyo, umbali ni sehemu ndogo tu ya jibu.

Wanyama wenye saa zao

Hifadhi ya Taifa ya Saiwa ilitangazwa mwaka 1974 na ndiyo ndogo kuliko zote nchini: haifiki kilomita tatu za mraba. Ni ukanda wa kinamasi na msitu kando ya Mto Saiwa, upande wa barabara ya Kitale kwenda Kapenguria, uliozingirwa na mashamba ya mahindi pande zote. Uliwekwa kwa ajili ya nzohe, swala wa majini mwenye kwato ndefu zinazotanuka ili asizame kwenye matope. Akitishika hujitosa majini na kuacha pua tu juu. Humo pia yumo tumbili karasinga mwenye ndevu nyeupe, na korongo taji hutaga mayai kwenye majani ya kinamasi.

Gari haliingii Saiwa. Mgeni hutembea kwa miguu, huvuka kinamasi juu ya madaraja ya mbao, kisha hupanda majukwaa yaliyojengwa juu ya miti na kukaa kimya. Nzohe hutoka kula alfajiri na jioni. Jua likiwa juu amejificha matetani. Anayefika saa tano mchana kwa ndege na kutaka kuondoka saa tisa ataona mafunjo na kusikia ndege. Huenda akafurahi, lakini nzohe atakuwa amemkosa.

Mlima Elgon una saa zake pia. Hifadhi ya taifa upande wa Kenya, yenye kilomita za mraba 169, ilitangazwa mwaka 1968, na lango lake la Chorlim liko karibu na Endebess. Sifa yake kubwa duniani ni mapango ya Kitum, Makingeny na mengine, ambamo ndovu huingia gizani na kuchimba kuta kwa pembe ili walambe chumvi. Kitum limezama ndani ya mlima takriban mita 200. Ndovu hao huingia zaidi usiku, tena si kila usiku, na idadi yao ilipunguzwa vibaya na majangili wa miaka ya 1970 na 1980. Anayetaka kupata hata nafasi ya kuwaona hana budi kulala karibu na kuvumilia.

Pango hilo lina jambo jingine ambalo wapigaji debe wa utalii hawapendi kulitaja. Mwaka 1980 Mfaransa aliyefanya kazi katika kiwanda cha sukari magharibi mwa Kenya, na mwaka 1987 kijana wa Kidenmaki wa miaka 15, walifariki kwa ugonjwa wa Marburg baada ya kuzuru Kitum. Uchunguzi wa miaka ya baadaye ulikuta virusi hivyo kwa popo walao matunda waishio pangoni humo. Hilo halina maana kwamba mlima ufungwe, kwani watu wengi wameingia na kutoka salama. Maana yake ni kwamba pango la popo si mahali pa kuingiza makundi makubwa yenye haraka, yanayoshika kuta na kukanyaga kinyesi cha popo. Uganda ilijifunza hilo kwa uchungu: mwaka 2008 mtalii wa Kiholanzi alifariki kwa Marburg baada ya kuingia pango la chatu katika msitu wa Maramagambo, ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth. Baadaye kilijengwa hapo chumba cha kutazamia chenye vioo, ili mgeni aone popo na chatu kwa mbali. Sisi hatujajenga cha namna hiyo Kitum.

Wanaosema: tuwalete kwa ndege

Kundi la kwanza lina hoja yenye mantiki. Eldoret ina uwanja wa ndege wa kimataifa tangu 1997, na Kitale ina kiwanja kidogo cha ndege. Meli ikikaa Mombasa siku mbili, baadhi ya abiria hupelekwa kwa ndege Maasai Mara au Amboseli, hulala usiku mmoja na kurudi. Basi kwa nini wasiletwe Elgon? Wageni hao wana pesa, na hata wachache wangejaza vyumba vya hoteli za Kitale na kuajiri viongozi wa safari. Isitoshe, picha zao zingeutangaza mlima bure.

Nguvu ya hoja hii ni kwamba haihitaji watu wengi. Udhaifu wake ni kwamba inaushindanisha Elgon na Mara kwenye uwanja wa Mara. Mtu mwenye usiku mmoja tu Afrika, aliyetumia fedha nyingi kwa ndege, anataka simba, na wakala wake hatathubutu kumwahidi swala wa kinamasi ambaye huenda asitokee. Na gharama za ndege hubaki kwa mwenye ndege. Mama anayeuza ndizi na parachichi pale Kipsaina, kijiji jirani na Saiwa, hatamwona mgeni aliyetua, akapandishwa gari, akala chakula kilichofungwa kwenye boksi na kuruka tena.

Gharama ya matayarisho nayo si ndogo. Kuwapokea wageni wa namna hiyo kunahitaji hoteli ya hadhi fulani, magari, barabara ya ndani isiyokwama wakati wa mvua, na huduma ya dharura. Kaunti ikijenga hayo kwa pesa za umma, na bahari ikachafuka tena kama ilivyochafuka 2008 na 2023, deni litabaki na meli hazitakuja.

Wanaosema: uzungukeni mlima

Kundi la pili hutazama magharibi badala ya mashariki. Elgon ni mlima mmoja wa nchi mbili. Kilele chake kirefu, Wagagai, chenye mita 4,321, kiko Uganda. Koitobos, chenye mita 4,222, kiko kwetu. UNESCO iliitambua sehemu ya Kenya kuwa hifadhi ya baiolojia mwaka 2003 na ya Uganda mwaka 2005. Upande wa pili, Kapchorwa na maporomoko ya Sipi tayari hupokea wageni wanaolala siku mbili tatu, wakitembea kwa miguu na kuonja kahawa mashambani. Mradi wa barabara ya lami kutoka Kapchorwa kupitia mpaka wa Suam hadi Kitale, uliofadhiliwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, umeleta wageni hao karibu mno na Endebess. Na tangu 2014 ipo viza moja ya utalii ya Kenya, Uganda na Rwanda, ya siku 90 kwa dola 100.

Hapa ndipo penye uzito, na ni ajabu kwamba panazungumzwa kidogo kuliko meli. Mgeni anayeingia kwa Suam ana muda. Anaweza kulala Endebess na kupanda Koitobos, kuamkia Saiwa, kupita Makumbusho ya Kitale na njia yake ya msituni, kisha kushuka Kimilili na Webuye hadi msitu wa Kakamega, ambao kwa wapenzi wa ndege ni hazina. Njiani Bungoma ina maporomoko ya Nabuyole katika Mto Nzoia, na kilima cha Chetambe, ambako Wabukusu walijihami ngomeni mwaka 1895 dhidi ya jeshi lililoongozwa na Waingereza. Bungoma haina lango kubwa la wanyama kama Chorlim, kwa hiyo itafaidika tu kama safari ina siku nyingi na njia yenye vituo. Safari ya siku moja haiipi Bungoma chochote.

Kuhusu namna ya kuwapokea wageni hao, gorila wa Uganda wanatufundisha bei na idadi. Katika msitu wa Bwindi kundi moja la gorila hutembelewa na watu wasiozidi wanane kwa siku, kwa saa moja. Kibali kwa mgeni wa kutoka nje ni dola 800 tangu Julai 2024. Dola 10 za kila kibali, pamoja na asilimia 20 ya ada za kiingilio, zimetengewa jamii zinazopakana na hifadhi. Nzohe si gorila, na hakuna atakayelipa dola 800 kumwona. Lakini kanuni ni ileile: kiwango kidogo cha watu kinachojulikana, na fungu la jirani lililoandikwa kwenye sheria.

Udhaifu wa hoja hii ya kuuzunguka mlima upo, tena si mdogo. Mpaka wa Kenya na Uganda umewahi kusumbuliwa na wizi wa mifugo, na upande wa Bungoma jeraha la mapigano ya 2006 hadi 2008, enzi za kundi la wapiganaji la SLDF na operesheni ya jeshi iliyoitwa Okoa Maisha, bado linakumbukwa na kila familia ya Cheptais na Kopsiro. Wageni huogopa jina baya kwa muda mrefu baada ya amani kurudi. Utulivu utarudisha jina zuri polepole, na watu wa huko wanastahili subira hiyo.

Wanaosema: wageni wetu ni sisi wenyewe

Hoja ya tatu haihitaji maelezo mengi. Janga la korona lilipofunga viwanja vya ndege mwaka 2020, hoteli zilizosalimika Kenya ziliokolewa kwa sehemu kubwa na Wakenya. Magharibi ina shule nyingi, vyuo, makanisa, vyama vya akina mama na watu wa mjini wanaorudi nyumbani kila Desemba. Agosti ya miaka inayogawanyika kwa mbili, msimu wa tohara ya Wabukusu, Bungoma hujaa watu kutoka Nairobi na hata ng'ambo. Hao hawahitaji viza wala ndege. (Sherehe yenyewe isigeuzwe bidhaa, ni ibada ya ukoo. Wageni waliokuja kwa ajili ya ndugu zao wanaweza kuonyeshwa mlima kesho yake.)

Kasoro ya hoja hii ni pesa. Ada ya mwenyeji ni ndogo, na basi la wanafunzi halilipii hoteli. Lakini hao huja mwaka mzima, na mtoto aliyemwona nzohe akiwa darasa la sita ndiye atakayekuwa mkulima wa Kipsaina anayeamua kama atapanda mikaratusi kwenye chanzo cha maji au la.

Jambo hilo la mikaratusi ndilo linaloamua uhai wa Saiwa. Hifadhi ndogo namna hii haiwezi kulindwa kwa uzio wake, kwa kuwa maji yake yanatoka kwa jirani. Mashamba ya juu yakikausha vinamasi vidogo, yakipanda miti inayonyonya maji, yakimwaga mbolea na dawa mtoni, kinamasi kitakufa hata kama hakuna jangili hata mmoja. Wanakijiji wa Kipsaina walilielewa mapema. Tangu miaka ya 1990 kikundi chao kimekuwa kikihifadhi korongo taji na ardhioevu kwa miche ya asili na elimu ya majirani. Kazi hiyo imeilinda Saiwa kuliko tangazo lolote.

Wanaosema: kwanza haki

Kundi la nne huuliza mlima ni wa nani. Mwaka 2000 eneo la Chepkitale, upande wa Bungoma, lilitangazwa kuwa hifadhi, na Waogiek walioishi huko vizazi kwa vizazi wakafurushwa. Septemba 2022 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Bungoma iliamua kwa upande wao. Waogiek hao wameandika kanuni zao za kutunza msitu, zikiwemo za kukataza uchomaji makaa. Kuwaleta wageni kutembea juu ya ardhi hiyo kabla uamuzi huo haujatekelezwa ni kuuza nyumba ya mtu angali mlangoni.

Wanaowapinga husema kwamba kusubiri kesi na hatimiliki kutachukua miaka, na vijana wanataka kazi leo. Ni kweli kwamba utekelezaji wa hukumu za ardhi Kenya huenda polepole. Lakini hoja ya haki ina upande wa kiuchumi ambao wapinzani wake hawauoni. Ada za hifadhi ya taifa, kama Saiwa na Chorlim, huenda serikali kuu kupitia KWS, shirika la taifa la wanyamapori. Kaunti na jirani hupata kwa hisani. Hifadhi iliyo chini ya kaunti, kama Maasai Mara chini ya Narok, huiingizia kaunti. Na ardhi ikisajiliwa kuwa ya jamii chini ya sheria ya 2016, jamii yenyewe inaweza kuandaa kambi, kuajiri waongozaji wake na kutoza. Kwa hiyo hatimiliki ya Chepkitale ndiyo njia fupi kuliko zote ya kufikisha shilingi ya mgeni kwenye kijiji cha Bungoma. Bila hiyo, magari yatapita Kimilili kwenda juu na kurudi, na vumbi ndilo litakalobaki.

Mizani inaegemea wapi

Hoja ya ndege na meli ndiyo dhaifu kuliko zote. Si kwa sababu wageni hao ni wabaya, bali kwa sababu saa zao na saa za wanyama wetu hazikutani, na pesa zao nyingi huishia kabla hazijafika Kitale. Abiria wa meli aachiwe Tsavo na Shimba Hills, ambako mambo yamepangwa kumfaa. Kaunti za Trans Nzoia na Bungoma zisijenge hoteli wala barabara kwa jina lake.

Hoja ya haki itangulie zote, kwa kuwa inaamua pesa zitaenda kwa nani. Hoja ya kuuzunguka mlima ifuate, nayo inazitaka kaunti hizi mbili ziandike mpango mmoja na Kapchorwa, badala ya kila moja kuchapisha kijitabu chake cha picha. Kitum iwekewe idadi ya wageni kwa siku, mwongozaji wa lazima, na mahali pa kutazamia pasipogusana na popo, kabla ya kutangazwa popote. Fungu la ada za Saiwa litengwe kisheria kwa wakulima wanaorudisha miti ya asili kwenye vyanzo vya mto. Yote hayo yanagharimu kidogo kuliko uwanja mpya wa ndege.

Na wageni wa nyumbani wasingoje mpango wowote. Msomaji wa Kitale, Kimilili au Webuye ambaye hajawahi kukanyaga Saiwa ana sababu ya kwenda mwezi huu: lango liko upande wa barabara ya Kapenguria, mwendo mfupi kutoka Kitale mjini. Alale karibu, aingie asubuhi na mapema, apande jukwaani na kukaa kimya.